Pia

Ilianza na nane.
Nane, tatu na tano zikaanza kuazimana mikia
kwenye mizani ya chama, Tandahimba,
msimu wa pili wa ukarani wangu.
Gunia la Mzee Nambunga nikaliandika themanini na tatu.
Akasimama palepale, kofia mkononi:
Mwanangu, hili nimelibeba mwenyewe,
na mgongo wangu hauwezi themanini.

Wiki iliyofuata nikampunja Bi. Chikoya kilo thelathini.
Yeye hakusema kwa upole.
Neno likazunguka ghala kabla ya chai:
karani anakula na watu wa kangomba.

Sikuwa nakula na mtu.
Nilikuwa naona pikipiki moja ikija na taa sita, zote zina mikia,
na mwezi mmoja juu ya mwingine, juu ya mwingine,
kama stakabadhi ambayo karatasi ya kaboni imehama.
Nikifumba jicho la kushoto, la kulia linaendelea kuzaa peke yake.
Miwani nimebadili mara tatu kwa miezi kumi na minne.
Kila namba mpya ilichacha kama togwa.

Na nilikuwa nafikicha. Hili sikulisema kwenye kikao.
Tangu darasa la tatu nafikicha:
baba anapuliza salfa mikoroshoni, umande haujakauka,
vumbi la njano linatua hadi kwenye uji,
nami nakandamiza vifundo vya vidole machoni,
nazungusha, nazungusha,
na ule utamu
(aliyewahi kuwashwa anaujua)

Ligula, chumba cha mwisho, pazia limebanwa kwa pini.
Bi. Fatu Nandonde hana maneno mengi.
Tazama taa. Natazama.
Anachezesha mwanga, anaguna:
Huu unakata kama mkasi.
Tazama miguu yako. Natazama viatu,
naye anamwita mwanafunzi wake, njoo uone
kope ya chini ilivyosukumwa, imechongoka
kama ncha ya jembe.
Kwenye darubini wakanisoma kana kwamba sipo.
Mistari, myembamba, wima, nyuma ya kioo;
bonyeza kidogo, imepotea; achia, imerudi.
Halafu pete ya kahawia.
Chuma, alisema, kinatoka kwenye machozi.
Basi nimelia hadi nikapata kutu.

Akachora nyuma ya kadi yangu.
Jicho la watu: kitako cha bakuli.
Jicho langu: pia, ile ya kusokota kwa kamba,
imelala ubavu, ncha inatazama nje.
Kioo cha mbele kimekonda, alisema,
kama ngozi ya korosho iliyokaangwa,
na kilichokonda husukumwa.
Hakiumi, si chekundu. Nani angekuamini?

Ni salfa?
Salfa sijui. Mkono naujua.

Na la kushoto?
Hilo pia.

Kuna matone ya njano na taa ya zambarau,
ya kukaza kioo kisiendelee kuchongoka. Dar es Salaam, na foleni.
Kuna lensi ngumu, ndogo kama gamba la samaki,
inakaa juu ya ile ncha na kuudanganya mwanga
kwamba hapa pamekuwa mviringo siku zote.
Kupona? Akatikisa kichwa. Kusimama, alisema. Tuombe isimame.

Mwenyekiti wa chama aliisoma barua ya hospitali mara mbili,
akaikunja nne.
Kumbe ulikuwa huoni.
Nikasema: Na ninyi pia.

Sasa nagonga lakiri, mizani anashika mwingine.
Siku ya kwanza ya lensi nilitoka nje usiku
nikakuta mwezi mmoja, umekauka, una kingo,
nikauonea huruma.

Saa tisa macho huwasha.
Zuhura hunifunga viganja kwa kipande cha kanga
chenye nusu ya jina lake, nusu nyingine alifungia mtoto,
fundo legevu tu,
ili nikisahau, niamke.